Serikali ya jirani ikibadilika: tushikane na chama, tumkatae mtawala, au tushikane na nchi? Ulinganisho wa mtu wa Mtwara

Maputo ni mbali sana na sisi lakini Ruvuma iko hapa, na ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji. Ndo maana tangu uchaguzi wao wa tarehe 9 Oktoba 2024 mabishano huku kusini hayajaisha kabisa, ukipita mabaraza ya Mtwara mjini, Newala, hata Nachingwea huko Lindi, utakuta watu wamegawanyika. Kuna wanaosema Tanzania ishikane na Frelimo, chama kinachotawala kule tangu uhuru, mpaka mwisho maana hao ni ndugu zetu wa damu, wengine wanasema hapana, watu wamekufa barabarani kule, nchi yenye heshima zake ilitakiwa ikatae kutambua kabisa, na wapo wa tatu ambao wanasema sisi tushikane na nchi, anayekaa ikulu ni uamuzi wa wenyewe.

Nimeona watu wengi wanachagua upande bila kuangalia kila njia imewahi kuleta nini, kwa hiyo naziweka hapa zote tatu sambamba, na mifano iliyotokea kweli, mingi ya nchi yetu hii hii. Na naanza kwa kusema mi nipo wapi ili msinitafute mwishoni, mi nipo njia ya tatu, ila siyo kwa kufumba macho, na hiyo ya kwanza naijadili kwa heshima kubwa kwa sababu wazee wetu waliifia.

Chama kwa chama

Hii ndo njia iliyotujenga sisi na Msumbiji. Frelimo ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ikaunganisha vyama vitatu, kimojawapo MANU ambacho kilikuwa na Wamakonde wengi waliokuwa wanafanya kazi huku Tanganyika na Kenya. Vita ikaanza Septemba 1964 kule Cabo Delgado, jirani yetu kabisa. Wapiganaji walifundishwa Nachingwea. Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu la kwenye kifurushi Dar mwaka 1969, Samora Machel akashika usukani, na mambo yakaendelea hivo mpaka siku wanajeshi wa Ureno walipoipindua serikali yao wenyewe Lisbon, tarehe 25 Aprili 1974.

Hapo ndo pa kuangalia vizuri. Serikali ilibadilika Ulaya na maisha ya mtu wa Ruvuma yakabadilika ndani ya mwaka mmoja tu. Septemba 1974 Frelimo na Ureno wakasaini makubaliano Lusaka, ikaundwa serikali ya mpito chini ya Joaquim Chissano, na Mei 1975 Machel akavuka Ruvuma kutokea huku kwetu akaanza safari yake ya kutoka Ruvuma mpaka Maputo, uhuru ukatangazwa tarehe 25 Juni. Kipindi chote hicho nchi nyingi zilikuwa zinahangaika kujua waongee na nani, wamwamini nani, Tanzania haikuhangaika hata kidogo. Ilikuwa inawajua kwa majina, inajua nani mkali nani mpole, imekula nao na imezika nao. Hiyo ni faida kubwa sana na mtu asije akakuambia uhusiano wa vyama ni ujinga wa zamani. Ukitaka kuona uzito wake nenda Naliendele pale kwenye makaburi ya mashujaa, vijana wetu waliokufa Msumbiji wakiisaidia serikali ya Frelimo dhidi ya waasi wa Renamo miaka ya themanini wamelala pale.

Sasa upande wa pili. Vita ya Frelimo na Renamo iliisha kwa makubaliano ya Roma tarehe 4 Oktoba 1992, uchaguzi ukafanyika 1994, matokeo ya bunge yakawa Frelimo viti 129, Renamo viti 112 katika viti 250. Zitazameni hizo namba taratibu. Karibu nusu ya bunge la jirani yako ni watu ambao wewe umekuwa ukiwaita majambazi, na ndo waliochaguliwa na watu wa Nampula, Zambezia, Sofala, kule kwenye watu wengi zaidi. Ukishikana na chama tu maana yake nchi ya jirani unaijua nusu, na hiyo nusu nyingine ikija kuchukua madaraka utaanza kujitambulisha upya kama mgeni.

Na kuna jambo linaniuma zaidi, Montepuez. Mwanzoni mwa 2017 serikali ya Msumbiji ilifanya operesheni kwenye machimbo ya vito kule Cabo Delgado, Watanzania wengi wakafukuzwa, wakarudi wengine hawana hata begi, wanasema wamepigwa na mali zao zimebaki. Aliyekuwa madarakani Maputo ni nani? Frelimo. Rais nani? Filipe Nyusi, mtu wa Mueda, Mmakonde, yaani ndugu yetu kabisa kwa lugha na kwa ukoo. Huku kwetu CCM. Vyama rafiki pande zote mbili na bado mwananchi wa kawaida hakupona. Kwa hiyo mtu anayesema tukiwa na Frelimo tumemaliza kila kitu, hapo anijibu.

Linganisheni na Zambia. Nyerere na Kaunda walikuwa kitu kimoja, TANU na UNIP kitu kimoja, Oktoba 1991 Kaunda akashindwa na Frederick Chiluba wa MMD. Kama uhusiano ule ungekuwa wa vyama peke yake ungekufa siku ile. Haukufa, kwa sababu kulikuwa na TAZARA, kilomita 1,860 za reli ambayo ni mali ya nchi mbili, na bomba la mafuta la TAZAMA tangu 1968. Baada ya MMD ikaja PF, baada ya PF mwaka 2021 ikaja UPND ya Hakainde Hichilema, na huyo huyo ndo alikuwa Beijing Septemba 2024 pamoja na Rais Samia kwenye utiaji saini wa kuifufua reli. Serikali za vyama vinne tofauti, reli moja. Reli yenyewe imechoka ndiyo, tena sana, ila imechoka kwa kukosa pesa na matunzo, mabadiliko ya chama Lusaka hayakuizuia treni.

Kumkataa mtawala

Njia hii Watanzania tunaijua kuliko watu wengi Afrika. Idi Amin alimpindua Obote tarehe 25 Januari 1971, Nyerere akagoma kumtambua, akampa Obote hifadhi Dar. Uingereza wao waliwahi, ndani ya wiki mbili wakawa wameshamtambua Amin.

Ukiangalia nani alikuwa sahihi kuhusu Amin jibu liko wazi. Mwaka 1972 akawafukuza Waasia, akawapa siku 90, wengi wakiwa na pasipoti za Uingereza, na walikofurika kupokelewa ni huko huko London walikomkaribisha Amin. Mwaka 1976 Uingereza yenyewe ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uganda. Kwa hiyo kuwahi kutambua hakukuwanunulia chochote cha kudumu. Na Amin alipopewa uenyekiti wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, mwaka 1975 na mkutano ukafanyika Kampala, Tanzania, Zambia na Botswana zilisusia, msimamo ambao mpaka leo mtu ukiusoma unajivunia.

Ila kukataa kuna bili, na bili inalipwa na watu ambao hawakuulizwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inahitaji marais watatu wakae pamoja, Nyerere hakukubali kukaa meza moja na Amin, vikao vya juu vikakwama, na ingawa zilikuwepo sababu nyingine pia za pesa na za Kenya, hilo lilichangia Jumuiya kufa 1977. Halafu Oktoba 1978 Amin akavamia Kagera, tukaingia vitani, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Tukamsaidia Yusuf Lule kuingia ikulu, hakumaliza hata siku 70. Wazee wetu wanakumbuka uchumi ulivyokuwa baada ya hapo, foleni za sabuni na sukari mpaka huku Lindi, mbali kabisa na Kagera.

Mi sisemi Nyerere alikosea. Nasema kukataa kutambua ni njia ya mtu mwenye uwezo wa kulipa na mwenye wenzake. Tazameni Gambia. Rais Yahya Jammeh alishindwa uchaguzi Desemba 2016, akakubali kisha akageuka, nchi zote za ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, zikasimama kitu kimoja, mshindi Adama Barrow akaapishwa kwenye ubalozi wa Gambia mjini Dakar tarehe 19 Januari 2017, siku mbili baadaye Jammeh akapanda ndege akaondoka. Hata kisiwa cha Anjouan kule Komoro, Machi 2008, wanajeshi wetu walienda chini ya Umoja wa Afrika kumtoa Mohamed Bacar aliyegoma kuachia madaraka ya kisiwa, hatukwenda peke yetu. Sasa weka pembeni Venezuela 2019, zaidi ya nchi 50 zilimtambua mpinzani Juan Guaidó kuwa rais, kwenye karatasi ilionekana nguvu kubwa mno, lakini jeshi lilibaki na Nicolás Maduro aliyekuwa ikulu, ofisi zilibaki na Maduro, mwenye kuhitaji pasipoti mpya ilibidi aende kwa watu wa Maduro. Mwisho wa 2022 wapinzani wenyewe wakapiga kura kuifunga ile serikali ya Guaidó.

Kwa upande wetu wa Ruvuma ukisema leo Tanzania isiitambue Maputo, jiulize kwanza nani atafungiwa mpaka. Mama wa Kitaya ana shamba huku na mdogo wake yuko ng'ambo. Huyo ndo atakayelipa.

Nchi kwa nchi

Mexico ndo walioiandika wazi mwaka 1930, waziri wao wa mambo ya nje Genaro Estrada alisema kazi ya nchi nyingine siyo kutoa hukumu kama serikali fulani ni halali au la, wao wataacha balozi wao au watamwondoa, basi. Uingereza nao mwaka 1980 wakatangaza hawatakuwa tena wanatoa tamko la kutambua serikali, wanatambua nchi. Tanzania kwenye vitendo na majirani wengi tumekuwa tukiishi hivi bila kutangaza.

Mfano mzuri Malawi. Toka Kamuzu Banda atoke 1994 imepita UDF, DPP, Joyce Banda na chama chake, DPP tena, Chakwera wa MCP 2020, na Oktoba 2025 Peter Mutharika karudi. Mgogoro wa mpaka wa Ziwa Nyasa upo tangu miaka ya sitini, ukachachamaa 2012, mpaka leo haujamalizika na hakuna serikali hata moja kati ya hizo iliyoleta vita wala iliyofunga ubalozi. Mwaka 2025 nchi zikapigiana marufuku ya mazao, mazungumzo yakafanyika, magari yakapita. Uhusiano wenyewe hauna mapenzi makubwa kama wetu na Frelimo lakini unabeba, na sisi wa ushoroba wa Mtwara tunaotegemea bandari yetu ije ihudumie mzigo wa Malawi kupitia Mbamba Bay tunahitaji kitu kinachobeba.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba mikataba inabaki. Mkataba ni wa nchi, rais akibadilika hauanzi upya. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720, lilifunguliwa 2010 na Kikwete na Guebuza, wote wawili wameshatoka madarakani na daraja linapitika. Ulinzi ni hivyo hivyo. Oktoba 2020 magaidi walivuka wakashambulia kijiji cha Kitaya, Machi 2021 wakaingia mji wa Palma kule Cabo Delgado, Julai 2021 SADC ikapeleka majeshi Cabo Delgado na wetu wakiwemo mpaka kikosi kilipofungwa 2024. Hebu fikirieni makubaliano ya kiulinzi yangekuwa yanasimama au kuanguka kulingana na nani kashinda uchaguzi Maputo, huku watu wa Tandahimba na Mtwara Vijijini wangelala vipi?

Udhaifu wake nao ni mkubwa na watu wa njia ya pili wana haki ya kuuonyesha. Ukisema mi naongea na nchi tu, ni rahisi ukanyamaza wakati watu wanauawa na ukaita unyamazaji huo diplomasia. Umoja wa Afrika wenyewe wana shida hiyo hiyo. Toka azimio la Lomé la 2000 mapinduzi ya bunduki wanayaadhibu haraka, Mali, Guinea, Sudan, Burkina Faso, Niger, Gabon wote walisimamishwa, lakini uchaguzi ukivurugwa na aliye madarakani meno hayapo. Gabon ndo hao wamerudishwa Aprili 2025 baada ya kiongozi wa mapinduzi kugombea na kushinda.

Sasa Msumbiji ya 2024 ilitaka njia gani

Tuipitishe kwenye njia zote. Tume ya uchaguzi ilimtangaza Daniel Chapo wa Frelimo kwa zaidi ya asilimia 70. Baraza la Katiba tarehe 23 Desemba likathibitisha ushindi lakini kwa asilimia 65 na kidogo, yaani vyombo vyao wenyewe havikukubaliana namba. Mpinzani wake Venâncio Mondlane (siyo mtoto wa Eduardo, watu wengi huku wanachanganya) akakataa, maandamano yakawa moto, mashirika ya kiraia ya kule yamehesabu zaidi ya watu 300 waliokufa. Podemos, chama ambacho watu wengi huku hatukuwa hata tunakijua, kikawa cha pili bungeni na kuipita Renamo.

Mtu wa chama kwa chama alipongeza mapema. Mnangagwa wa Zimbabwe alimpongeza Chapo kabla hata matokeo rasmi hayajatangazwa. Amepata nini? Kwa Chapo angekuwa rafiki tu hata angesubiri, ila kwa vijana wa Maputo na Nampula waliokuwa mtaani amejiandika upande mmoja, na vijana hao ndo wengi wa nchi ile.

Wa kukataa kabisa hakupatikana kwenye ukanda wetu, na sidhani kama angefika mbali, hakukuwa na wenzake.

Waliofanya ninachokiona ni sahihi zaidi wamejificha kwenye vitu vidogo. Ureno, waliokuwa wakoloni wa pale na wenye maslahi mengi, kwenye kuapishwa tarehe 15 Januari 2025 rais wao hakwenda, walimtuma waziri wa mambo ya nje. Ubalozi upo, uhusiano upo, ila kiti cha rais kikabaki kitupu na kila mtu akaelewa. Marais waliofika siku hiyo ni wawili tu, Ramaphosa na Embaló wa Guinea-Bissau. Na Malawi, ambao wenyewe wana njaa na shida zao, Desemba 2024 watu kwa maelfu walivuka kuingia wilaya yao ya Nsanje wakikimbia fujo, wakapokelewa bila kuulizwa walimpigia nani kura. Hiyo kwangu ni diplomasia ya nchi kwa nchi iliyokamilika: mlango wa raia upo wazi, pongezi zinasubiri.

Na tarehe 23 Machi 2025 Chapo na Mondlane wakakaa meza moja wakaongea wenyewe. Aliyekuwa ameshachagua upande kwa sauti kubwa hapo alibaki anatafuta maneno.

Uchague ipi

Kama serikali imeondolewa kwa bunduki, au aliyeshindwa kagoma kutoka, na majirani wote wamekubaliana, kataa, na kataa pamoja nao, mfano wa Gambia unatosha. Kama ni wewe peke yako, uwe na uhakika una uwezo wa kulipa miaka mingi kama sisi kwa Amin, na uwe umewaambia wananchi wako bei.

Kama ni harakati ya ukombozi ambayo bado haina dola, chama kwa chama haina mbadala, 1962 mpaka 1975 hakukuwa na nchi ya Msumbiji ya kuongea nayo, kulikuwa na Frelimo na Wareno. Ila wakati huo umeshapita, toka 1975 kuna nchi yenye bunge, mahakama, mikoa na wapinzani.

Kama ni uchaguzi wenye utata, ambao ndo tutakutana nao mara nyingi zaidi miaka ijayo, mi nachagua nchi kwa nchi na pongezi zicheleweshwe mpaka mahakama yao imalize, na balozi asifungiwe kwenye ofisi za chama kimoja. Uchaguzi mkuu wao mwingine ni 2029. Kabla ya hapo ningependa sana kuona watu wetu Maputo wanakaa na Podemos, wanakaa na Renamo, wanakaa na kundi la Mondlane, siyo kwa kuwaunga mkono, kwa kuwajua tu kama tulivyowajua akina Machel kabla hawajawa serikali. Na kwenye vikao vya tume ya pamoja ya ushirikiano ya nchi hizi mbili, suala la Mtanzania anayefanya biashara Palma, Mueda na Montepuez liandikwe kwa vifungu, haki zake, mali zake, akikamatwa apelekwe wapi na ubalozi ujulishwe ndani ya muda gani. Ikiandikwa hivyo, mama wa Kilambo anayevuka na mzigo wake hatalazimika kufuatilia nani kashinda huko Maputo ndo ajue kama atarudi salama.